Kadhi Shuraih wa Kufa na Kiti cha Hukumu

Katika darsa zetu za Migori na Homa Bay suala moja limekuwa likirudi kila tufikapo mlango wa hukumu katika vitabu vya fikihi. Suala lenyewe ni hili: kadhi asiyekula rushwa, asiye na nia ya kumdhulumu mtu, je, yampasa kuiacha kesi kwa kuwa tu mmoja wa wenye kesi amdhania kuwa ataelemea upande wa mwenziwe? Baadhi ya ndugu zetu wamesema kuwa moyo safi watosha, na amdhaniaye kadhi vibaya na amche Mungu. Wengine wamesema kuwa kadhi na aondoke kila anyooshewapo kidole. Sisi twaona kuwa wa kwanza wamemsahau mwenye kesi, na wa pili wameisahau hukumu. Kwa hiyo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya Shuraih bin Al-Harith, kadhi wa Kufa, mtu ambaye suala hili lilimfuata tangu mwanzo wa ukadhi wake hata mwisho, na ambaye alikaa kitini pahala ambapo wengi wetu tungaliondoka, kisha akaondoka pahala ambapo wengi wetu tungalikaa.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya Iraki ya kale tu. Waislamu wa pande zetu hizi, zilizokuwa zikiitwa Nyanza Kusini, ni wachache, na wachache hujuana. Kuanzia Kendu Bay, penye msikiti wa Tawakal na Uislamu wa zaidi ya miaka mia, mpaka Mbita na Homa Bay mjini, na kuteremka mpaka Suna na Isebania mpakani, watu ni wale wale. Aliyesimamia ndoa ya huyu ni mkwe wa yule. Mwenye duka anayewakopesha watu unga ndiye pia mwenye kutoa mkeka wa msikiti. Na kesi zetu si za ajabu: ni talaka, ni matunzo ya watoto, na zaidi ya yote ni mirathi, pale mtu afapo akaacha mjane na binti na kipande cha ardhi, na ndugu zake wa kiume wakasema kuwa ardhi ni ya ukoo. Ajapo kadhi kuikata kesi hiyo, mara yule mjane akumbuka kuwa kadhi huyo alialikwa karamu kwa shemeji zake mwezi uliopita. Huenda hapana lolote katika karamu ile. Lakini mjane atarudi nyumbani akiamini nini?

Basi tuje kwa Shuraih. Kuniya yake ni Abu Umayya, naye ahesabiwa katika kabila la Kinda, watu wa Yemen, ingawa wako wanahistoria wasemao kuwa asili yake ni katika wana wa Wafursi waliohamia Yemen. Alizaliwa zama za ujahilia, akasilimu, na walio wengi katika wanavyuoni wamemweka katika Matabiina, si katika Masahaba. Alikuwa mshairi, mwenye maneno mafupi na mzaha mwingi, na imepokewa kuwa hakuota ndevu. Wakii, aliyeandika kitabu mashuhuri cha khabari za makadhi na kufariki mwaka 306 wa Hijra (918), alimpa Shuraih kurasa nyingi mno, na wengi waliokuja baadaye wamechota humo na katika Ibn Saad na Tabari. Katika khabari hizo ziko zenye nguvu na ziko dhaifu, na tutamwambia msomaji pale tuonapo udhaifu, kwa kuwa hatupendi kumjengea mtu mwema sifa za mchanga.

Ukadhi wake, kama ilivyopokewa, ulianza kwa farasi. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, naye ni Amiri wa Waumini, alipatana bei ya farasi na mtu mmoja, akampanda ili amjaribu, na farasi akaumia. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakakubaliana kumweka mtu wa kati, na yule muuzaji ndiye aliyemchagua Shuraih. Shuraih akamwambia Khalifa kuwa ama amchukue farasi aliyemnunua, ama amrudishe kama alivyompokea. Umar hakughadhibika. Alifurahi, akampeleka Kufa kuwa kadhi.

Tutazame jambo moja ambalo wasimulizi hulipita mbio. Umar hakujihukumia mwenyewe, ijapokuwa katika zama zile hapana aliyekuwa na mamlaka juu yake. Alitoka katika kiti akawa mtu mwenye kesi. Na mara nyingine, alipokuwa na ugomvi na Ubayy bin Kaab, walikwenda wote wawili nyumbani kwa Zaid bin Thabit awahukumu. Zaid akamsogezea Umar mto auegemee. Umar akaukataa, akauhesabu mto ule kuwa ndiyo dhulma ya kwanza ya hukumu ile, akakaa sawa na Ubayy mbele ya Zaid. Hata Zaid alipotaka Ubayy amsamehe Khalifa kiapo, Umar hakuridhika, akaona kuwa Zaid hafai ukadhi mpaka Umar na mtu wa kawaida wawe sawa kwake. Zaid alikuwa mwandishi wa Wahyi, na hapana anayemtuhumu. Mto haukuwa rushwa, ulikuwa ni adabu. Lakini mtu wa pili alikuwa ameketi pale akiutazama.

Mji wa Kufa aliopelekwa Shuraih ulijengwa mwaka 17 wa Hijra (638) na jeshi la Saad bin Abi Waqqas. Ulikuwa mji wa kambi, umegawanyika kwa makabila, kila kabila na mtaa wake na msikiti wake na wakubwa wake. Shuraih alikuwa Mkinda, na Kinda ilikuwa kabila kubwa humo, na mkubwa wake ni Al-Ashath bin Qais. Imepokewa kuwa siku moja Al-Ashath aliingia kwa Shuraih, naye akamkaribisha kwa heshima akamketisha kando yake. Mara akaingia mtu wa kawaida kumshitaki huyo huyo Al-Ashath. Shuraih akamwambia mkubwa wa kabila lake ainuke, akakae pamoja na mwenziwe mbele ya kadhi. Al-Ashath alichukizwa, lakini aliinuka.

Imepokewa pia kuwa Shuraih alipoona njaa au ghadhabu imemshika, aliondoka kitini. Katika hadithi sahihi kadhi amekatazwa kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu, na wanavyuoni wakakisia juu ya ghadhabu kila kinachoushughulisha moyo, kama njaa, usingizi, maradhi na huzuni. Huku nako ni kujitoa, ijapokuwa ni kwa saa moja. Akubaliye kuwa njaa yaweza kuipindisha hukumu ya mtu mwema, hatashindwa kukubali kuwa udugu na urafiki waweza zaidi.

Sasa tufike kwenye kisa kinachojulikana kuliko vyote. Ali bin Abi Talib alipokuwa Khalifa, na makao yake ni Kufa, aliiona deraya yake mikononi mwa mtu wa Kitabu. Riwaya moja yamtaja Myahudi na nyingine Mnasara. Wakaenda kwa Shuraih. Ali akatakiwa mashahidi, akawaleta mwanawe Hasan na mtumwa wake wa huru Qanbar. Shuraih akaukataa ushahidi wa Hasan kwa kuwa mtoto hamshuhudilii babake, akamhukumia yule mtu deraya. Mtu yule akastaajabu, akakiri kuwa deraya ni ya Ali, akasilimu. Wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha sanad ya kisa hiki, na sisi hatukijengei sharia. Twakitaja kwa kuwa umma umekihifadhi karne kwa karne, na kilichohifadhiwa chatujulisha Waislamu walitaka kadhi wao awe vipi.

Na humo mna fumbo. Shuraih aliwekwa katika ukadhi na Umar, na Ali akamwacha palepale, na mshahara wake watoka katika Baitulmali iliyo mikononi mwa Ali. Imepokewa kuwa ulikuwa dirhamu 500 kwa mwezi. Je, hakuwa na haja ya kuondoka katika kesi ya anayemlipa? Kwa rai yetu hakuwa na haja, kwa sababu mbili. Kwanza, mshahara ulikuwa wazi, wajulikana na kila mtu, haukuongezwa kwa ajili ya kesi ile wala haukungojea matokeo yake. Pili, kama kila kadhi alipwaye na dola angeondoka kila dola inaposhitakiwa, watawala wasingepata wa kuwahukumu hata siku moja, na hiyo ndiyo dhulma iliyo kubwa kuliko zote. Aliyestahiki kuondolewa katika kesi ile alikuwa ni shahidi. Hasan ni mjukuu wa Mtume, wala hakutuhumiwa uongo na mtu yeyote. Alikataliwa kwa kuwa ni mwana, na yule mtu wa Kitabu akiona mwana akimshuhudilia babake asingekuwa na njia ya kuujua ukweli wa Hasan. Kanuni hiyo hiyo ndiyo tumtakiayo kadhi.

Kwa Shuraih mwenyewe habari ya mwana ilikuja kwa njia nyingine. Mwanawe alimwendea nyumbani, akamweleza ugomvi alionao na watu fulani, akamwuliza kama haki ni yake awashitaki, na kama si yake aache. Shuraih akamwambia awashitaki. Walipofika mbele yake akahukumu juu ya mwanawe. Kijana akalalamika kuwa amefedheheshwa, na babake akamjibu kuwa yeye ampenda kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa wale, lakini Mwenyezi Mungu ni bora kwake. Aliogopa angemwambia kuwa haki si yake angekwenda kusuluhiana nao, akapata sehemu ya haki yao. Na mara nyingine mwanawe mwingine, au huyo huyo, alimdhamini mtu, mtu akatoroka, na Shuraih akamfunga mwanawe gerezani kisha akawa ampelekea chakula.

Kisa hiki husimuliwa misikitini kwa sifa tupu. Sisi twampenda Shuraih, lakini tutasema tuonavyo. Uadilifu wake ni mkubwa, hapana shaka. Njia aliyoipita, asiifuate kadhi wa leo. Aliisikia kesi nyumbani kwake, kwa mdomo wa upande mmoja, kabla ya wale wengine kujua kuwa kuna kesi. Kisha akaketi. Wale watu walipoingia na kumwona mwana upande mmoja na baba kitini, walijua nini juu ya nia yake? Walitoka wakifurahi kwa kuwa walishinda. Kama haki ingalikuwa ya kijana, na Shuraih akamhukumia kwa haki kabisa, wangalitoka wakisema nini? Hukumu haiwezi kuwa yaaminika pale tu ikatwapo dhidi ya jamaa wa hakimu.

Na fikihi yetu ya Kishafii, ambayo ndiyo isomwayo pwani na huku bara, imelimaliza jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa hukumu ya kadhi kwa manufaa ya nafsi yake, au ya mshirika wake katika mali ya ushirika, au ya wazazi na wazee wake, au ya watoto na wajukuu wake, haipiti. Na anayewahukumia hao ni Imamu au kadhi mwingine. Wala hapasemwi kwanza itazamwe kama amependelea. Na vivyo hivyo kadhi hamhukumu adui yake kwa kumwumiza. Wanavyuoni hawakungojea mizani ya moyo, kwa kuwa moyo hauna mizani iliyo dukani.

Shuraih aliendelea baada ya Ali, katika dola ya Muawiya, na huko ndiko mashaka yake yalikoanzia. Liwali wa Iraki alikuwa Ziyad, mtu mkali mwenye akili nyingi, ambaye alimchukua Shuraih mpaka Basra akahukumu huko kiasi cha mwaka mmoja kisha akarudi. Mwaka 51 (671) Ziyad alimkamata Hujr bin Adi, mfuasi wa Ali na mtu wa ibada, akaandika hati ya ushahidi juu yake na kuipeleka Sham, ambako Hujr aliuawa. Katika majina ya mashahidi liliandikwa jina la Shuraih. Tabari amepokea kuwa Shuraih alikana: aliulizwa habari za Hujr, naye hakusema ila kuwa ni mtu wa kufunga na kusimama usiku kwa swala. Lakini hati ilikuwa imekwisha kwenda, na jina lake lilikuwa ndani yake.

Miaka tisa baadaye likatokea zito zaidi. Mwaka 60 (680) Muslim bin Aqil alikuwa Kufa akimngojea Husein, na mwenyeji wake alikuwa Hani bin Urwa, mkubwa wa kabila la Madhhij. Liwali mpya, Ubaidullah bin Ziyad, akamwita Hani kasrini, akampiga uso mpaka damu zikamtoka, akamfungia. Madhhij wakaizunguka kasri wakidhani ameuawa. Ubaidullah akamtaka Shuraih aingie amwone Hani, kisha atoke awaambie watu kuwa yu hai. Shuraih aliingia, akamwona, akatoka, akasema kuwa yu hai. Watu wakamhimidi Mungu wakatawanyika. Haukupita muda Hani akauawa sokoni. Imepokewa kutoka kwa Shuraih mwenyewe kuwa Hani alimpa ujumbe kwa watu wake, naye angaliufikisha lau si askari wa liwali aliyesimama pamoja naye.

Alichosema Shuraih kilikuwa kweli. Hani alikuwa hai. Lakini watu hawakutawanyika kwa ajili ya neno la liwali. Walitawanyika kwa ajili ya neno la kadhi. Amana ya kiti cha hukumu ilichukuliwa ikatumiwa kazi ya askari, na mwenye kiti hakukataa. Hatumlaani kama wamlaanivyo wengine, wala hatukubali uzushi kuwa yeye alitoa fatwa ya kuuawa Husein, jambo ambalo hatulioni katika Tabari wala Ibn Saad. Alikuwa mzee katika nyumba ya dhalimu. Hata hivyo tangu siku ile hapana mtu wa Madhhij aliyeweza kuketi mbele yake akatulia.

Ikaja fitina ya Ibn Zubair, na Shuraih akajizuia na ukadhi. Kisha mwaka 66 (685) Mukhtar bin Abi Ubaid akaiteka Kufa kwa jina la kulipiza kisasi cha Husein. Mukhtar alihukumu kwanza mwenyewe, halafu akaona kazi ni nyingi, akamweka Shuraih. Watu wakanung'unika. Walisema kuwa ni mtu wa upande wa Uthman, kuwa alimshuhudilia uovu Hujr, kuwa hakufikisha ujumbe wa Hani, na kuwa Ali alimwuzulu. Tumekwisha ona kuwa la Hujr alilikana. Angaliweza kusimama msikitini akaeleza moja baada ya moja, akaapa, akabaki. Shuraih hakufanya hivyo. Aliposikia yasemwayo alijifanya mgonjwa akakaa nyumbani, na Mukhtar akamweka mahali pake Abdallah bin Utba bin Masud.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Wako wasemao kuwa aliondoka kwa hofu ya roho yake, na huenda hofu ilikuwamo. Si ajabu, Kufa ya mwaka ule ilikuwa ikichinja watu. Lakini tuyapime madai yenyewe. Hayakuwa matusi ya mtu aliyeshindwa kesi. Yalikuwa mambo yaliyotokea mbele ya macho ya watu au yaliyoandikwa katika hati: jina kwenye ushahidi wa Hujr, na sauti mlangoni pa kasri. Mtu wa Kufa mwenye akili na insafu, asiyekuwa adui wala rafiki, akiyajua hayo yote, angaliona shaka kuwa jamaa wa Hani watapata haki kwa Shuraih. Shaka hiyo yatosha. Haikuhitajiwa kuthibitisha kuwa moyo wa Shuraih umepinda, na yeye, kwa kukaa nyumbani, hakukiri kuwa umepinda.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda Kufa kuona mfano wa kinyume chake. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta, akashitakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko, huyo wa mwisho akiwa ndugu yetu wa Nyanza. Aliyeletwa kuwahukumu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha staafu, akarudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwatia hatiani wote, wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Baadaye ikaja kujulikana kuwa Gavana Evelyn Baring, ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa mshitaki, alikuwa amempangia Thacker malipo ya siri ya pauni 20,000. Oneko alishinda rufani, na bado akawekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Mtu aulinganishe mshahara wa Shuraih wa dirhamu 500, uliokuwa wazi mbele ya Waislamu wote, na pauni zile za siri. Thacker huenda alijiambia kuwa fedha hizo ni fidia ya usalama wake, kwa kuwa asingeweza kuishi Kenya baada ya hukumu. Lakini mtu akubaliye fidia kwa kuwa hataweza kuishi katika nchi baada ya hukumu, ameijua hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Zaidi ya miaka 70 imepita, na hata mtu asiyeujua ushahidi wa Kapenguria hata mstari mmoja aijua khabari ya fedha.

Hatutaki kutoka hapa tukaangukia upande wa pili. Kadhi akiondoka kwa kila mnong'ono, mwerevu atanong'ona mpaka apate kadhi amtakaye, na maskini asiye na nauli ndiye atakayeumia, maana kesi itahamishwa Kisumu au mbali zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, imempa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa haki mbele ya mahakama iliyo huru na isiyopendelea. Na mahakama za Kenya hupima suala hili kwa jicho la mtu mwenye akili timamu na insafu ajuaye khabari zote, wala si kwa jicho la mwenye hasira. Mwaka 2007, katika kesi ya Profesa Anyang' Nyong'o juu ya uchaguzi wa wabunge wa Afrika Mashariki, Mwanasheria Mkuu wa Kenya aliwapinga majaji wawili wa mahakama iliyoko Arusha kwa kuwa waliwahi kuwa na mashaka na serikali yake. Mahakama ilipima kwa jicho hilo hilo, ikakataa. Hiyo ndiyo njia ya Shuraih katika deraya ya Ali: hakukimbia kwa kuwa mkubwa yumo ndani ya kesi.

Kwa hiyo yule mjane tuliyemtaja, wa Suna au wa Kendu Bay, ana haki ya kumwuliza kadhi kwa adabu, mwanzoni, mbele ya wote, juu ya karamu ile. Na kadhi hana haki ya kughadhibika. Kama ilikuwa karamu ya mji mzima, aliyoalikwa kila mwenye kofia, na aseme hivyo kwa sauti na aendelee. Kama alikwenda peke yake, au kama ardhi ilitajwa juu ya sinia, au kama shemeji mmojawapo ni mkwewe, basi na aseme pia, na jalada liende kwa mwingine. Lililo baya kuliko yote ni kunyamaza, mjane akaja kulisikia sokoni baada ya hukumu.

Tumalizie habari za bwana wetu. Baada ya Mukhtar kuuawa mwaka 67 (687) Shuraih alirudi katika ukadhi. Mwaka 75 (694) akaja Hajjaj kuwa liwali wa Iraki, mtu ambaye hata jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Shuraih, akiwa mzee aliyepita miaka mia kwa hesabu ya wasimulizi wengi, alimwomba amwachilie. Hajjaj alimwachilia, akamweka Abu Burda mwana wa Abu Musa Al-Ashari, na pamoja naye Said bin Jubair, yule ambaye Hajjaj mwenyewe alikuja kumwua baadaye. Juu ya mwaka aliofariki Shuraih pana khitilafu kubwa. Wengi wataja 78 au 80, na wengine wakaupeleka mbele sana. Aliusia azikwe upesi, watu wasipigiwe mbiu ya msiba wake, asifuatwe na mwenye kuomboleza, na kaburi lake lisifunikwe nguo.